Mimba ya Mwanangu na Vichupa vya Maabara

Mpendwa Bi Ummukulthum, nisaidie mwenzio nimekwama,

Mimi ni mama wa Kipemba hapa ughaibuni, mtaa wa Thamesmead, skuli sikufika mbali lakini Mungu kanipa binti, na mtaani hakuna asiyejua kuwa binti yangu yuko maabara, wanaletewa maji ya mito na mikojo ya wafanyakazi wa mitambo ya nyuklia, yeye ndiye anayachuja, anayatia asidi, anayachanganya na dawa ya kutoa mwanga, ndipo mashine ipime mionzi, bila mkono wake mashine ile ni kabati tu, na mimi naisema popote, harusini, msibani, ndiyo maana naogopa macho ya watu, kwani mimba mbili zimeshamtoka, na hii ilipoingia nikamwambia, "Mwanangu, kwetu mimba changa haisemwi, ngoja tumbo lijiseme," akanijibu kwa Kiingereza chake kuwa kazini lazima wajue wamtoe kwenye vichupa vyenye mionzi mikali, nikamwambia akisema asitake radhi zangu, akatii, basi juzi kichupa kimempasukia, glavu ikachanika, maji yakamwingia kidoleni, ajali ameisema, mimba hakuisema, sasa chakula hali, nami hasemi, je, tungoje tumbo lionekane, au aseme hasidi wasikie?

Mama mwenye hofu

Jibu la Bi Ummukulthum: Mama mwenye hofu,

Pole, kutokwa na mimba mbili si jambo dogo, na sikucheki. Lakini umeniandikia jina kamili la binti yako, la mumewe, na mtaa wanaokaa! Nimeyafuta. Gazeti zima lijue, ila msimamizi wake tu asijue?

Unajivunia mkono wake harusini, halafu unamfunga mdomo pale pale mkono huo unapohitaji kulindwa. Wanaofanya kazi naye si majirani wa kukaa barazani. Wakijua watampa kazi nyingine, na daktari atapima kilichomwingia mwilini. Wasipojua, kesho atavaa glavu na kurudi mezani kama kawaida.

Siwezi kukuahidi kuwa mtoto yuko salama. Hata daktari hataweza mpaka aambiwe. Wala usijitie kufunga safari kwenda kumsemea. Hadithi yote utawamalizia abiria ndani ya basi.

Mpigie simu sasa hivi, gazeti likiwa bado mkononi. Usimweleze mambo ya hasidi, usilie, usimuulize kama amekula. Mwambie, "Radhi zangu unazo, kaseme leo." Kisha ukate simu, umwachie nafasi ya kumpigia msimamizi wake na daktari.