Ndengu Zilizobaki Kiritiri

Jumatatu, 12 Mei 2025

Stoo yangu ya shule hapa Kiritiri imepandishwa cheo. Tangu leo ni maabara. Katikati ya magunia ya mahindi na majembe yasiyo na mpini — sanduku la plastiki, taa ndogo ndani, na karatasi ya Mwalimu Mwaniki: USIGUSE. USIMWAGILIE.

Mwenye kazi ni Linda wa Form Three. Ndengu za shamba la nyanyake zilichaguliwa kupaa. Sasa hivi ziko kituo cha anga, zinazunguka dunia, na mimi sijafika hata Mombasa. Hizi za kwangu ni pacha wao, zimebaki chini. Linda anataka kujua: ndengu ikinywa mara moja tu, itavumilia kiu huko juu kama inavyovumilia huku Mbeere? Lazima masanduku yote mawili yatendewe sawasawa. Tofauti yoyote, kazi yote bure — na hakuna roketi ya pili.

Kwa nini stoo? Ina kufuli. Kufuli lenye funguo tatu: wangu, wa Mwalimu, wa jikoni. Kenya hii!

Ijumaa, 16 Mei

Zimemea zote. Na za juu pia, Linda anasema. Zilinyweshwa siku moja, mwanaanga kule, Linda hapa. Sasa ni kiu tu.

Teresia wa jikoni alikuja kuchukua maharagwe, akainama juu ya sanduku. "Uuui! Mzee Runji, hivi vitoto vimekosa nini?" Nikasema ni sayansi. Akasema hata mfungwa hupewa maji.

Huku kwetu hakuna mtu hupita mche ulionyauka akiwa na kikombe mkononi. Hata uwe wa adui. Unaumwagia masalio, ndipo uendelee kumchukia.

Jumatano, 21 Mei

Picha zimefika kutoka kituoni. Ndengu za juu zimelegea, mizizi imejikunja kila upande kama nywele za asubuhi. Zangu? Wima kama maskauti! Mwalimu akapiga makofi: "Mvuto wa dunia, Linda! Ona kazi yake!"

Linda hakupiga. Alishika jani moja, akaniuliza polepole iwapo paa linavuja. Nikamuuliza mvua yenyewe ameiona wapi.

Alhamisi, 22 Mei

Saa ya lanchi nilikaa nyuma ya magunia. Sikulala — nilifumba macho tu. Kwanza Teresia, kikombe chini ya leso. Huyo nilimtarajia. Nikataka kukohoa — mlango tena! Mwalimu Mwaniki. Mwenye karatasi! Akamimina kwa kifuniko cha chupa, tone kwa tone. "Poleni, poleni." Akafunga sanduku kama anayemlaza mtoto.

Jioni nikamuuliza Mwalimu kama huko juu mvua hunyesha. Akacheka: "Mzee, angani hakuna mvua." Nikamwambia stooni iko. Saa ya lanchi. Mara mbili.

Akavua miwani, akaifuta. Ikawa safi, akaendelea kuifuta. Eti ripoti inaenda Jumatatu. Eti tukinyamaza, Linda anaenda mashindano ya kitaifa. Nikanyamaza. Ukinyamaza vizuri mtu hujimaliza mwenyewe. "Sawa," akasema. "Nitamwambia."

Ijumaa, 23 Mei

Amemwambia, Teresia kando yake. Linda alilia, kisha akauliza, "Ni nyinyi wawili tu?" Teresia akatazama dari. Mimi nikatazama magunia.

Wenye mradi wamemkubalia arudie sanduku la chini, mbegu zilezile. Mara moja tu, wamesema. Ufunguo mmoja — kwangu. Linda akasema, "Kwa sababu wewe huna huruma, Mzee." Nimeshukuru. Nadhani.

Jumanne, 10 Juni

Zimelegea. Ndivyo zinavyotakiwa. Linda amepima, ameandika, ameenda zake. Kipimo cha mwisho ni kesho.

Amerudi. "Bado zimelala, Mzee?" Bado. "Zitafika kesho kweli?" Za juu zilifika. Akanitazama kama mimi ndiye niliyeleta ukame. Akaenda upande wa tangi la maji.

Amerudi tena. "Fungua kidogo tu. Niangalie."

Ufunguo uko mfukoni. Naandika haya nikiwa nimekaa mlangoni — nimemwambia nahesabu magunia. Anangoja. Mkono mmoja ameuficha nyuma ya mgongo, na vumbi lililo nyuma ya viatu vyake linalowa.