Nyasi Uliyomwinulia Baba Yako

Mwanangu Nashipai,

Hushiki simu zangu, kwa hiyo naandika hapa mtandaoni, wazi, kila mtu asome. Jumatatu baba yako anafanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari hakuzunguka: anaweza kutoka, anaweza asitoke. Ndugu zako wote wameshapita hapa nyumbani Noonkopir kumwona. Wewe peke yako hujaja, na najua ni kwa nini. Unaogopa alikulaani.

Siku ile nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya chai, unakumbuka. Ukame ulikuwa umetumalizia ng'ombe, na baba yako alikusomesha akijua utarudi daktari wa mifugo. Wewe ukaja na habari kwamba umepata kazi Pwani, ya kupanda nyasi chini ya bahari. Baharini, mwanangu, wakati hapa Kajiado hata punda hana cha kutafuna. Akainuka na fimbo. Mimi ni mtoto wa Machakos, niliolewa huku bila kujua mengi, lakini miaka imenifundisha uso wa mzee wa Kimaasai anayetaka kutamka neno lisilorudi.

Ndipo ukatoa mkobani lile fungu la majani makavu ya baharini, ukaliinua mbele yake. Hata mimi nilijua maana yake: kwao, aliyeshika nyasi hapigwi wala halaaniwi.

"Hiyo si nyasi," akasema. "Nyasi ni ile inalisha mnyama."

Ungeweza kudanganya. Ukamwambia ni kweli, kwa ukoo si nyasi hasa, ila inachanua humo humo majini, na maji ndiyo yanayobeba chavua kutoka ua dume hadi ua jike. Mbegu nyingi huanguka mchangani karibu na mama yao. Mashina hutambaa chini ya mchanga yakichipua, na kipande kikikatwa na mawimbi huelea mpaka kipate mahali patulivu, kikashika tena. Fimbo bado ilikuwa juu. Nilitamani unyamaze.

"Na mbegu inafika mbali aje?"

"Kasa anakula, Baba. Anatembea nayo tumboni, anaiacha huko mbele na mavi yake."

Anaijua vizuri migunga inayoota kwenye samadi ya mbuzi wake. Akaishusha fimbo, akatoka nje. Nisikilize basi: hakutamka kitu. Uliondoka na ukimya wake tu. Ukimya unauma, nimeishi nao ndani ya nyumba hii tangu uende, lakini si laana.

Jana redio ilitaja hali ya hewa ya Pwani. Akaniuliza, macho ukutani, "Huko kwa yule, imenyesha?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe. Alikasirika, akakataa uji.

Mimi nimechoka na nyinyi wawili, mnafanana hadi inaudhi. Jumapili nitaiacha simu yangu kitandani, karibu na mkono wake, niende kanisani, na nitakaa huko mpaka matangazo yote yaishe. Piga. Iache iite, vidole vyake havina nguvu siku hizi. Na akishika usianze kulia wala kuomba msamaha, atakata. Mwambie kama imenyesha.

Ni mimi ninayewapenda wote wawili, na kuwaogopea,
Mama yako