Musimbi, Uliyewafuata Vijana Hadi Jikoni

Mwaka umetimia, dada Musimbi, tangu tukulaze nyuma ya nyumba ya mama hapa Lurambi. Homa ya mapafu ilikupata ukiwa mzima wa kutembea, na kabla ya Jumapili ulikuwa umetutoka. Mama bado hajazoea. Akimaliza kusonga obusuma, ugali wetu, hukuita wewe kwanza, kisha hukumbuka.

Wengi walikujua kwa kujitolea katika mradi wa vijana, pale ukumbini ambapo walioacha shule hufundishwa kushona na kusuka. Lakini kazi yako kubwa ilikuwa nje ya ukumbi. Kijana akikosa kuja, ulimfuata kwao. Hukuita mtu kutoka langoni, wala hukumuuliza maswali. Uliingia jikoni ukashika kazi uliyomkuta nayo, mkapukuchua mahindi pamoja mpaka yeye mwenyewe aseme linalomsumbua. Ulirudi na makapi kwenye nywele, naye mama akikuchokoza: "Leo umeoshea nani vyombo, na vya hapa vinakulilia tangu asubuhi?"

Kule Buyangu, baba yake Beverly alikuona umekaa sana na binti yake, akadhani umetumwa kuja kumposa. Akachinja ingokho. Ulikula ukashiba, ndipo ukasema, "Mzee, mimi nataka Beverly arudi kushona. Mambo ya kuolewa siyajui."

"Basi nirudishie kuku wangu!" akasema mzee.

Beverly sasa anashona sare za shule mjini.

Wa mwisho uliyemfuata alikuwa Wendy, msichana wa miaka kumi na tisa, mkimya kuliko wote. Ulikwenda kwao kila Jumanne na hakukuambia kitu. "Anakaribia," ulimwambia mdogo wako Selpher. "Mtu kama huyo ukimharakisha, unamfunga mdomo." Kisha ukaugua.

Baada ya mazishi hakuna aliyekwenda. Selpher alijua njia, maana uliwahi kwenda naye, lakini Selpher ni yule yule unayemjua, hata kusalimia watu kanisani humtoa jasho. Miezi ikapita. Siku alipojikaza akaenda, aliambiwa Wendy ameolewa Kabras. Akamfuata huko huko, katikati ya mashamba ya miwa, akamkuta jikoni, mjamzito, akichambua mboga. Selpher alikaa chini akavuta fungu lake. Walichambua pamoja.

Wendy ndiye aliyeanza. "Mwambie dada yako nilimngoja. Alikuwa anakujanga kila Jumanne, halafu akaacha. Nikajua amechoka na mimi. Na mimi nilikuwa nimeamua akija tena nitamwambia yote. Nyumbani walitaka niolewe, sikutaka."

"Hakuchoka," Selpher akasema. "Alikufa."

Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Hata sisi tulikuwa hatujalisikia kinywani mwake. Walilia wote wawili mpaka mama mkwe wake Wendy akaja mbio kuuliza msiba uko wapi.

Wendy ameuliza kama mradi utampokea akishajifungua. Wasimamizi wamekubali. Mumewe hajajibu, na kila Selpher akienda humkuta mume huyo amekaa na Wendy hapo jikoni, hasemi ndiyo wala la. Hatujui itakuwaje, dada. Wewe ungejua kumngoja mtu wa namna hiyo. Sisi bado tunajifunza, na nyumba ni nzito bila wewe.

Tunaokulilia ni mama yako Zipporah, mjomba wako Osiako, kaka yako Philemon na mdogo wako Selpher. Na Wendy, ambaye si ndugu yetu kwa damu, lakini ametuomba jina lake liandikwe hapa pamoja na yetu, upate kujua kwamba hakukasirikii tena.

Maadamu tungali hai, Musimbi, hatutakusahau.