Homa ya Wiki ya Mavuno

Mwazye,
19 Juni

Mdogo wangu Zenon,

Pokea salamu za nyumbani. Unaendeleaje na joto la Dar es Salaam? Sisi hatujambo. Mama kikohozi kimemwachia, na baridi ya mwezi huu imemrudisha jikoni. Anaota moto palepale tulipokuwa tukigombania nafasi karibu na mafiga, uji wa ulezi ukichemka. Utoto ule, mdogo wangu, naukumbuka mpaka harufu yake.

Siku ile ulipopiga simu kunieleza kazi yako ya maabara, mama alikuwa kando yangu akisikiliza. Ulisema mnachunguza seli za mji wa mimba. Kwamba zina kimeng'enya kinachotengeneza kemikali za kuleta uchungu, na homoni za ujauzito hukituliza mpaka miezi itimie. Ila maambukizi yakiingia, kimeng'enya hicho huweza kuamka kabla ya wakati, mtoto akazaliwa njiti. Ulipokata simu, mama aliniuliza kama mwenye maambukizi hupata homa. Nikamjibu kwamba mara nyingi hupata. Akatoka kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Jumapili baada ya misa akaniketisha, akaniambia jambo ambalo hata mimi mkubwa sikulijua. Kati yangu na wewe kulikuwa na mtoto. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Wiki ile mama alikuwa na homa, lakini ulezi ulishakomaa, akaenda kuvuna, akajitwisha kapu. Uchungu ukamshika njiani. Mtoto alipumua mpaka jioni tu. Bibi akasema mzigo ndio uliomuua, na mama akaamini hivyo miaka yote. Unakumbuka marehemu baba alivyokuwa akibeba mavuno mwenyewe, wanaume wenzake wakimcheka? Sisi tulidhani anajivunia nguvu zake. Kumbe mama hakuweza tena kujitwisha kapu bila kutetemeka.

Nilimkumbusha ulichosisitiza kwenye simu, kwamba huwezi kuapa ni nini kilichompata mama fulani. Akajibu kwamba haombi kiapo.

“Mwambie Zenon inanitosha kujua kwamba huenda haikuwa mimi.”

Alilia sana. Baadaye akala ugali wake wote, akaomba na maharage ya kuongeza.

Usimwulize kwenye simu. Amependa nikuandikie, maana mambo haya si ya kupigiwa kelele mtandao ukikatika-katika. Ukija likizo atatupeleka alipozikwa mtoto huyo, karibu na mikaratusi ya shamba la zamani. Kabla mtoto hajakata roho, mama alimbatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe, akampa jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele yetu. Anaitwa Lazaro. Kwangu ni mdogo, kwako ni kaka.

Shemeji yako Amos na wapwa zako wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko, nasi atutunze huku mpaka tuonane.

Dada yako akupendaye,
Kristiana