Jozi Tatu za Mama

Nanyamba, 12 Septemba 2003

Kaka Hemedi,

Amani iwe nawe huko kwenye joto la Maskati. Sisi wazima, na mikorosho imezaa mpaka matawi yanagusa chini.

Lile kopo la vidonge vya kiini cha jozi, ile kokwa ya ng'ambo yenye ganda gumu, ulilomtumia mama limefika. Nilimweleza kwamba watu huko wanavimeza kwa ajili ya kumbukumbu, lakini akakataa katakata.

"Nimebangua korosho miaka arobaini," alisema. "Leo nimeze kiini ambacho hata ganda lake sijaliona?"

Basi Jumatano nikaenda mjini, sokoni Chikongola, kwa Rukiyabai, yule mama mwenye duka la viungo. Alikuwa na jozi chache za kutia kwenye halua yake, akanipa tatu.

Mama aliigeuza moja mkononi, akatafuta mshono wake, akaigonga mara moja tu. Kiini kikatoka kizima! Majirani waliokuwa wakibangua naye wakapiga vigelegele. Mama akacheka mpaka machozi, akanimegea nusu.

"Kula, Somoe."

Kaka, hajanitaja jina tangu masika.

Sasa vidonge anavimeza. Daktari anasema havitamdhuru, ila tusivitegemee sana. Wewe anadhani bado uko madrasa. Kila alasiri anakuwekea muhogo wa kuchemsha, na hataki mtu auguse.

Njoo msimu huu, Kaka. Anakungoja kwa furaha.

Mdogo wako,
Somoe