Mtu Asiye na Simu Hana Damu?

3 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Mumeo je, na wajukuu wangu wanakula? Mimi mzima kama mninga, ila presha, na presha hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Usicheke mwandiko. Shule niliiacha mapema, lakini seremala wa kunifikia mtaa huu hajazaliwa. Hata milango ya zahanati niliitundika mimi, na mpaka leo hailii.

Sasa wamenifungia mlango wangu mwenyewe. Wameleta mashine, faili za karatasi wamezichoma. Ukifika unaulizwa namba ya simu. Mimi simu sina, nikatoa namba ya kinyozi, kama wenzangu wote wa mtaani. Jana muuguzi kaangalia kioo, kasema dawa za presha nimeshachukua, na ujauzito wangu unaendelea vizuri, nirudi mwezi ujao kupimwa. Watu walicheka mpaka wa kikohozi akapona. Mimi sikucheka. Nimerudi mikono mitupu.

Mashine hiyo imetoka ofisini kwenu. Waambie.

Baba yako, Fundi Mkuu

11 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wanakula kuliko mshahara. Nilicheka, nisamehe, kisha nikaacha. Mashine inaamini namba moja ni mtu mmoja. Kwa hiyo wewe, mama mshonaji, mzee wa mkaa na mke wa kinyozi mmekuwa mgonjwa mmoja mwenye presha, sukari na mimba. Mmoja akichukua dawa, wote mmechukua.

Kanuni hiyo niliiandika mimi, Baba. Hapa kila mtu ana simu mbili, hakuna aliyemfikiria asiye nayo. Nimemweleza bosi, kasema litaangaliwa mwakani. Nakutumia simu kwa dereva wa basi. Ipeleke wakuandikishe upya, umeze dawa zako. Tafadhali, usiwe sikio la kufa.

Mwanao

24 Machi

Binti yangu,

Hamjambo huko? Huku hatujambo nusunusu. Simu imefika, inang'aa kweli. Nimemrudishia dereva. Usinune. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mimi dawa naisikia, wao ndio wanaoninyima. Nikiichukua simu nitapona mimi, na mzee wa mkaa asiyeona vizuri atapona vipi? Mtu asiye na simu hana damu?

Sikiliza. Mama mshonaji alikwenda na presha yake, akapewa vidonge vya sukari vya mzee wa mkaa. Akaanguka juu ya cherehani. Ameamka, ila shavu limeshonwa. Kesho yake nikabeba benchi langu, kazi ya mikono yangu, nikaliweka mbele ya mlango wa zahanati nikakaa. Wenzangu wakaja. Tunakaa mpaka wafunge, asubuhi tunarudi.

Muuguzi, mtoto mwema, alinivuta kando, vidonge kiganjani. Nikamuuliza, "Vya nani hivyo?" Akasema ni vyangu. "Basi viandike kuwa vyangu." Mashine ikakataa. Na mimi nikakataa.

Najua utalia. Ukimaliza, fanya kazi.

Baba yako, Fundi Mkuu

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza. Barua yako niliisoma mkutanoni neno kwa neno. Bosi akatabasamu, akasema vizee wachache hawawezi kusimamisha kazi ya nchi nzima. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikatoka pale nikaipeleka kwa wakaguzi wa serikali wanaosimamia vifaa vya tiba, pamoja na maelezo niliyotia sahihi mwenyewe. Wanakuja huko. Ofisini wameninyang'anya funguo, nipo nyumbani. Sijutii.

Lakini Baba, hivyo vidonge vichukue hata kwa siri. Ukilala wewe, benchi atalikalia nani? Nijibu upesi, nakuomba.

Mwanao

29 Aprili

Binti yangu,

Salamu, na shikamoo yako naipokea kwa mkono mmoja. Nimechelewa kwa sababu nilianguka pale benchini. Mkono wa kushoto umelala, mdomo umekwenda upande. Mama mshonaji anasema afadhali, zamani nilikuwa na sura ya kawaida. Wa kulia bado unashika randa, na ndio unaoandika hapa. Usiniambie uliniambia. Na benchi, kwa taarifa yako, halikubaki tupu hata siku moja.

Wakaguzi walinikuta kitandani humo humo zahanati. Walikuwa wanapita kwenda kwa mganga mkuu, nikawaita. Wameamuru mashine isiende zahanati nyingine yoyote mpaka imtambue asiye na simu. Kila mgonjwa apewe kadi yenye namba yake peke yake, na faili za karatasi zifunguliwe upya, maana umeme ukikatika ugonjwa haukatiki. Walitaka kuniandikisha mimi kwanza, wapige na picha. Nikawaambia waanze na mzee wa mkaa.

Mkubwa wao akaniuliza kama nina neno jingine. Nikamwambia aliyeiandika kanuni ile mbovu ndiye aliyewafichulia, na wakitaka fundi wa kuinyoosha, amekaa nyumbani bila funguo. Wewe usiende kuwaomba. Waje wao.

Ilipofika zamu yangu, nilijikongoja hadi mezani. Muuguzi, kwa mazoea, akauliza namba ya simu.

"Sina, na sitakuwa nayo. Andika jina."

Akaliandika.

Baba yako, Fundi Mkuu bado