Alama Moja ya Tamsin

Nyumba Na. 17, Hopfield Lane,
Marlsham, Kent,
Uingereza.
Jumapili, 24 Machi 2019

Mpendwa Shangazi Gwen,

Nisamehe sana. Tangu kadi yako ya Krismasi ifike sijakuandikia hata mstari, na miezi mitatu ni mingi mno kumnyamazia mtu aliyenilea kila likizo. Mara mbili nilianza, mara mbili Edie akaamka. Karatasi ya pili aliitapikia. Leo amelala kifuani kwangu na sitaki hata kukohoa.

Wewe hujambo lakini? Goti linaendeleaje? Na theluji ya huko Newfoundland, imeanza kuyeyuka au bado mnachimba njia ya kutokea mlangoni? Sisi tu wazima. Edie ana miezi sita na nusu, na daktari amesema mapafu yake sasa ni kama ya mtoto mwingine yeyote. Lloyd bado anaendesha lile lori la maziwa. Akirudi anasinzia kabla hajavua viatu. Mimi nimechoka, Shangazi, ila ni uchovu wa mtu ambaye wanawe wote wako nyumbani, kwa hiyo silalamiki.

Sasa habari yenyewe. Kaa kwanza.

Unakumbuka kuwa Septemba Tamsin wangu alifanya mtihani wa kuingia shule ya vipaji ya Mtakatifu Hilda. Matokeo yalinikuta wodini katikati ya Oktoba, Edie akiwa bado kwenye mashine ya joto. Alikosa kwa alama moja. Moja, Shangazi! Niliisoma ile barua pepe mara nne, kisha nikampa nesi anisomee. Akasoma, akasema, "Pole mama, ni moja kweli." Tamsin alipoambiwa alijibu tu "Sawa," akaenda kumlisha sungura.

Ikabaki kujaza fomu ya kuomba shule kabla Oktoba haijaisha. Mimi nilikuwa sibanduki hospitali, nikampigia simu mama mkwe wangu, Maureen, nikamwambia aandike shule moja tu, ile ya kawaida ya hapa mtaani, basi. Sikuwa na wasiwasi naye. Unajua anavyowasema wasichana wa Hilda, eti wanatembea kama wamebeba mayai kichwani.

Tarehe mosi Machi majibu yakaja. Tamsin amepewa shule ya mtaani, kama tulivyotarajia. Chini yake pameandikwa: Mtakatifu Hilda, ombi limekataliwa. Tumekataliwaje kitu ambacho hatukukiomba? Nikajua wamemchanganya na mtoto wa watu. Nikapiga simu ofisi ya elimu, na dada aliyepokea akaniambia taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "Mama, hilo ndilo chaguo lenu la kwanza. Fomu ilijazwa tarehe thelathini Oktoba."

Nikaenda kwa Maureen hivyo hivyo, Edie begani, sijachana nywele.

"Wewe ndiye uliyeandika Hilda?"

"Ndiyo."

"Nilikwambia shule moja!"

"Fomu ina mistari sita, Kirsty. Nimekaa dirishani posta miaka thelathini na moja. Fomu yenye mistari mitupu nilikuwa nairudisha kwa mwenyewe, leo niijaze mimi hivyo?"

"Na kuiweka ya kwanza je?"

"Anayeomba huanzia juu. Ya chini si unapewa tu? Kunywa chai, inapoa."

"Lakini wewe si huwacheka wale wasichana?"

"Nawacheka. Tamsin akienda nitamcheka na yeye. Biskuti?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa na lake moyoni au ni ukaidi wa posta tu, na yeye hasemi. Lakini sikia hili, Shangazi. Huku huwezi kuikatia rufaa shule ambayo hukuiomba. Wazazi wangapi huona alama imepungua, wakaona aibu hata kuiandika ile shule, ikawa imekwisha! Na mimi ni mmoja wao. Ningejaza mimi, mlango ungefungwa tangu Oktoba na nisingejua. Nilikaa kwenye ngazi za Maureen kama mtu aliyekoswakoswa na gari.

Basi tumekata rufaa. Tutasikilizwa na watu watatu tarehe 14 Mei. Wanataka kujua mambo mawili: kama mtoto anaiweza ile shule, na ni nini kilichotokea siku ya mtihani hata akapungukiwa. La kwanza halina shida, mwalimu mkuu wake ameandika ukurasa mzima. La pili nililiona jepesi pia, maana siku ya mtihani ndiyo asubuhi ile niliyoanza kutoka damu jikoni, nikachukuliwa na gari la wagonjwa, Edie akazaliwa miezi miwili na nusu kabla ya wakati. Mimi nilijua Tamsin alikuwa juu ghorofani anaoga, hakuona kitu. Nilijua jirani yetu Pauline alikuja kumchukua, akamwambia mama ameenda kujifungua, akamfikisha shuleni.

Wiki mbili zilizopita nikaenda kwa Pauline aniandikie hayo maneno mawili matatu. Nikamshukuru pia kwa kuisafisha ile sakafu, maana kwa fujo za wakati ule sikuwahi kumshukuru. Akanitazama.

"Sakafu ipi? Mimi nilikuta jikoni panang'aa. Tamsin alikuwa amesimama mlangoni, ameshavaa sare, ameshika penseli mbili."

Nikamuuliza Maureen. Yeye alifika saa tano, akakuta pamekauka. Alidhani ni Pauline.

Miezi sita, Shangazi! Miezi sita kila mmoja wetu anadhani ni mwenzake. Kumbe mtoto wa miaka kumi alipiga magoti akafuta damu ya mama yake, akasuuza tambara, akalianika, akanawa, akaenda kufanya hesabu. Bado nikiingia jikoni najikuta naruka mahali pale. Nimemwangalia mtoto huyu kila siku akila, akilala, akibishana nami kuhusu soksi, na sikuona kitu.

Nilimkuta bandani anabadilisha majani ya sungura. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ulikuwa na mirija, mama. Halafu Edie akawa na mirija. Halafu ikapita."

Nikamsaidia kubeba majani machafu. Baadaye nikamwomba awaandikie wale watu watatu, kwa maneno yake mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Nilishaiandika mara moja, nikampelekea Bibi Gwen. Siiandiki tena."

Kumbe unajua wewe. Nilikasirika siku mbili, sitakuficha. Nilisema mengi nikiwa peke yangu kwenye sinki. Siku ya tatu nikaelewa kwamba lazima alikuomba usiseme, nawe hujawahi kuisaliti siri ya mtoto, hata zangu hukuzisaliti. Na nikashukuru kwamba siku zile, mimi nikiwa sipo, alikuwa na mtu wa kumwambia.

Barua hiyo ndiyo tunayoihitaji. Tamsin amekubali, lakini kwa masharti. "Waisome wao. Wewe usiisome." Nikampigia karani wa rufaa, akasema haiwezekani, kila karatasi wanayoipokea lazima nakala yake ije kwangu na nyingine iende shuleni. Nikamweleza Tamsin hivyo hivyo bila kumzunguka. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ikija usiifungue mpaka waamue." Nimempa neno langu.

Lloyd anasema nina wazimu, kwenda kumtetea mtoto kwa barua ambayo sijui ndani yake mna nini. Labda. Lakini sitamkamua maneno ambayo ameshayatoa mara moja. Wakikataa, atakwenda shule ya mtaani Septemba, viatu vimepigwa rangi, na atakayemwonea huruma mbele yangu ataniona. Ila kabla hawajasema hapana, nataka wale watatu wajue ile alama moja ilipotelea wapi.

Maureen anakusalimu, anasema andika anwani kwa herufi kubwa. Lloyd anakusalimu kutoka kwenye kochi, amefumba macho. Tamsin anasema lile fumbo la hesabu la mwisho ulilomtumia lina kosa na atakuthibitishia. Nisalimie Mjomba Clive, na binamu Denise na mapacha wake. Mungu akulinde kwenye hiyo barafu, akutie nguvu gotini, na akulipe kwa yote uliyombebea mwanangu.

Mimi nikupendaye sana, ingawa kalamu yangu huchelewa,

Kirsty

Ninavyohitaji, vifike kabla ya tarehe 24 Aprili:

Barua ya Tamsin ya Septemba, yenyewe, si nakala. Usiitume kwangu. Itume moja kwa moja kwa karani wa rufaa, anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Bahasha yake, hata kama imechanika, alimradi muhuri wa posta unasomeka. Hili ni la Maureen. Anasema muhuri haubishiwi.

Nusu ukurasa kutoka kwako, wenye sahihi, kueleza siku uliyoipokea na kwamba hakuna mtu mzima aliyemwambia aandike.

Mafumbo matatu au manne ya hesabu aliyokujibu mwaka jana, yale magumu, yenye mwandiko wake.

Na kwangu mimi, kikaratasi kidogo tu. Usiniambie aliandika nini. Niambie kama mwandiko ulikuwa umenyooka.